Siku Niliyojaza Nane Kila Rejista

Nimestaafu mwezi uliopita. Siku ya kuniaga, vijana wa karakana mlinipa keki, kitenge cha mke wangu, na ombi moja: niandike namna tulivyoifunga dibaga kwenye visanduku vya mto, kwa sababu, mlisema, hakuna maandishi. Maandishi yapo. Niliyaandika mwenyewe, kurasa thelathini na kitu, yana mhuri, na yana kosa. Habari za vyeo mtazikuta kwenye faili langu, kama panya wa masijala wamebakiza chochote. Hapa naandika kazi, tangu siku ya kwanza mpaka pale ambapo siku ya keki sikuwa na ubavu wa kupataja. Msinione mkarimu. Naandika kwa sababu nimechoka kubeba.

Nilifika Ihumwa kijana mwenye cheti cha ufundi wa redio, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Karakana ilikuwa banda moja la bati jirani na reli. Garimoshi likipita, bisibisi zote zilicheza mezani, nasi tulinyamaza mpaka behewa la mwisho liishe. Tulitengeneza vipima mvua na vipima kina vya makorongo, ile mito yetu ya msimu ambayo mwaka mzima ni mchanga na siku moja ni balaa. Fundi mkuu alikuwa Mzee Kapinga, mtu wa Songea, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Siku hiyo ya kwanza alinipa mita ya umeme na betri.

"Soma," akasema.

"Volti kumi na mbili, mzee."

"Mita umeipima?"

Nikamwambia mita ndiyo inayopima. Alinitazama kama mtu aliyeletewa chai isiyo na sukari.

"Kijana, hiyo mita ni shahidi. Shahidi hujui katoka wapi, unamsikilizaje?"

Wiki nzima hakunipa kazi nyingine. Kila asubuhi nilipima mita zote kwa betri aliyoijua yeye, nikaandika, akasaini. Wenzangu walinicheka, na mimi nilimchukia yule mzee kwa moyo wote.

Kompyuta zilipoingia karakana alikuwa amebakiza miaka michache, akajifunza kwa hasira, akatupita wote. Yeye ndiye aliyenionyesha dibaga. Kwa mnaosoma haya bila kuwa mafundi: programu ikifa ndani ya kifaa, kifaa hakisemi imekufa kwa nini. Dibaga ni programu nyingine inayokwenda kuichungulia. Inasoma rejista za prosesa, yaani vijumba vichache ambamo prosesa hushikilia namba inazozifanyia kazi sasa hivi. Katika vijumba hivyo, viwili ndivyo vyenye kesi yetu. Kimoja huonyesha prosesa ipo mstari gani wa programu. Kingine huonyesha itarudi mstari gani ikimaliza kipande ilichotumwa, kama mtoto aliyetumwa dukani: yuko dukani, atarudi nyumbani. Ukichanganya hivyo viwili, utadhani mtoto amepotelea nyumbani.

Mzee Kapinga alikuwa na sharti lake. Kabla ya kuiamini dibaga kwenye mashine mpya, andika programu fupi inayojaza kila rejista namba yake: moja, mbili, tatu, mpaka ziishe. "Ni kama kuita majina darasani," alisema. "Ukiita namba tano akasimama namba sita, umewakamata." Nililishika sharti hilo miaka mingi. Nalitaja ili mjue kwamba sikukosa kwa kutofundishwa.

Mzee alistaafu, akarudi kwao, na mimi nikakaa kwenye kiti chake. Miaka ikapita, vikaja visanduku vya mto. Kila kisanduku kilikuwa na kompyuta ndogo, betri, redio na king'ora. Kinafungwa kwenye nguzo ukingoni mwa korongo. Maji yakipanda kule juu, king'ora kinalia huku chini na watu wanatoka mchangani. Cha kwanza kilipangiwa korongo moja karibu na Gulwe. Mimi ni mtu wa Mpwapwa, Gulwe nimekwenda nikiwa mgongoni mwa mama. Nilikitaka kisanduku kile kifanye kazi kuliko nilivyotaka kitu chochote katika utumishi wangu.

Programu ya kina cha maji aliiandika Zaituni. Alitoka chuo kikuu cha pale Chimwaga, Mrangi wa Kondoa, binti wa mkulima wa milimani, mpole wa sauti na mbishi wa hoja. Kila asubuhi aliniambia shikamoo mzee, kisha akanionyesha nilipokosea jana. Tulielewana sana. Nilikuwa nimeanza kuandaa moyoni kwamba kiti kile atakuja kukikalia yeye.

Tabu ilikuwa mfumo endeshi uliokuja na zile kompyuta. Ulifanana na ule tuliouzoea, lakini wa kwao mbali, kama binamu ambaye hamjawahi kula naye. Dibaga yetu haikuujua. Kuifundisha dibaga mfumo mpya ni kuiandikia faili dogo linaloorodhesha vipande vyake, na vipande vyenyewe vilikuwa vitatu. Cha kwanza ni cha kusoma rejista za programu iliyo hai. Cha pili ni cha mitego: prosesa ile ilikuwa na nafasi nne tu ambamo unaweza kuiambia, mtu yeyote akigusa pale kwenye kumbukumbu, simama. Cha tatu ni cha kusoma mabaki. Programu ikifa, mfumo huandika picha ya rejista zake kwenye faili moja, na dibaga huja kuisoma baadaye, kama daktari anayempima maiti.

Cha kwanza kilitutoa jasho majuma mawili. Cha pili kilitula miezi. Tulitega, mtego ukakubali, na haukunasa kitu. Zaituni ndiye aliyegundua kwamba mfumo ule ulitaka mtego uombwe upya kila programu inapozaa programu nyingine, maana mtoto harithi mitego ya mzazi. Alipoona mtego umenasa mara ya kwanza alipiga kelele mpaka mlinzi akaja. Kile cha tatu tulikiacha mwisho kwa sababu kilionekana rahisi. Orodha ya rejista tulikuwa nayo tayari kwenye kipande cha kwanza. Nikainakili ilivyo.

Hapo ndipo pa kuanza kunilaani. Mfumo ule, kwa sababu wanazozijua waliouandika, haukupanga rejista za mabaki kwa mpangilio wa rejista za walio hai. Zile mbili za mwisho, ya nilipo na ya nitakaporudi, zilibadilishana viti. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa kwenye kitabu chao, mstari mmoja, chini ya jedwali. Sikufika chini ya jedwali.

Kipimo cha Mzee Kapinga kingelikamata kosa hilo kabla chai haijapoa. Lakini wiki ile ilikuwa ya Nane Nane, sikukuu ya wakulima ya tarehe nane Agosti, na wakubwa walitaka karakana ipeleke kitu kwenye viwanja vya Nzuguni, kitu ambacho mgeni rasmi atakitazama asipige miayo. Rejista hazina sura. Nikapata wazo, nikajiona nina akili. Badala ya kuipa kila moja namba yake, nikajaza nane kwenye kila rejista, kisha nikairusha programu kwenye mstari wa nane, mahali pasipo na kitu, ife palepale na kuacha mabaki yake. Zaituni akasema, "Mzee, hiyo ya maonyesho sawa. Ile ya kupima tutafanya lini?" Nikamwambia tukirudi.

Pale Nzuguni, mbele ya mgeni rasmi, nilibonyeza, na skrini ikajaa nane kutoka juu hadi chini. Watu walipiga makofi. Mama mmoja wa banda la mizinga ya nyuki akaomba apigwe picha nayo. Mgeni rasmi akaniuliza kama inafanya kazi vizuri, nikamjibu, "Mheshimiwa, unaona mwenyewe." Wote tulikuwa tunaona. Rejista zote zikiwa na nane, hata zikibadilishana viti mara mia, nani atajua?

Tuliporudi Ihumwa palikuwa na visanduku vya kufungwa kabla ya mvua. Fomu ya upimaji ilinisubiri mezani. Nikaandika: kipande cha mabaki kimepimwa, rejista zote zimesomeka sawa. Nikasaini. Haraka haraka haina baraka, tunawaambia watoto, kisha tunakwenda kazini.

Mvua za mwaka ule zilianza kwa fujo. Mchana mmoja maji yalishuka korongo la Gulwe, na kisanduku kikanyamaza. Mama mmoja, Mama Ndahani wa pale pale, alikuwa anavuka mchanga kutoka shambani na kuni kichwani. Walimkuta siku ya pili, mbali. Aliacha watoto wanne. Naliandika hili kwa mstari mmoja kwa sababu nikiliandika kwa mingi sitamaliza.

Tulikileta kisanduku karakana kikiwa na tope. Programu ilikuwa imekufa kabla maji hayajafika, na mabaki yake yalikuwepo salama. Nikafungua dibaga, wakubwa wamesimama nyuma yangu. Ikasema: imefia kwenye kipande cha kina cha maji, mstari fulani. Kipande cha Zaituni.

Zaituni alikuwa pembeni. Aliinama, akasoma skrini muda mrefu.

"Haiwezekani," akasema. "Pale nimeshamaliza hesabu. Pale naita kipande cha redio tu. Kama imekufa, imefia kwenye redio, na hicho si changu, kimekuja na mfumo."

"Dibaga inasema pale," nikamwambia.

"Basi tuipime dibaga, mzee."

Nilikasirika. Naikumbuka ile hasira vizuri, ilikuwa ya mtu aliyepigiwa makofi. Nikamwambia mbele ya wakubwa kwamba dibaga imepimwa, fomu ipo, na watu walishuhudia Nzuguni. Na nikaongeza, Mungu anisamehe, kwamba mfanyakazi mzuri hatafuti mchawi.

Kamati ilikaa siku mbili. Mimi ndiye niliyekuwa shahidi wao mkuu. Nililetewa maji ya chupa na kiti chenye mto, nikaeleza rejista kwa lugha nyepesi hivi hivi ninavyoeleza hapa. Mwenyekiti akamuuliza Zaituni kama ana swali. Akasimama.

"Swali langu ni moja, mzee. Una hakika?"

"Nina hakika," nikasema.

Akakaa. Hakuuliza tena. Aliachishwa kazi kwa uzembe uliosababisha kifo, na jina lake likasomwa redioni. Alipokuja kuchukua vitu vyake alizunguka meza zote kuaga, na yangu pia. Nilijifanya natafuta kitu kwenye droo.

Visanduku vyote vilizimwa baada ya hapo. Ndiyo maana kosa halikurudi likatuumbua. Vikaletwa vingine, vile mnavyovijua, vimefungwa kwa gundi, huwezi kuvifungua wala kuvichungulia, kikifa unakitupa. Mimi nilikaa miaka kadhaa nikifundisha dibaga ambayo haikuwa na mahali pa kutumika, na nilifundisha kwa fahari.

Mwaka wangu wa mwisho nikaambiwa niandae maandishi ya makabidhiano. Nikatoa kisanduku kimoja cha zamani stoo, nikakiwasha, nikataka mfano mzuri wa kuweka kwenye karatasi. Sikuwa na maonyesho, sikuwa na mgeni rasmi. Nikajaza rejista namba zake, moja, mbili, tatu, nikaiua programu, nikasoma mabaki. Zilikuja kwa mstari mpaka karibu na mwisho. Ya mwisho ilikuwa imekaa kwenye kiti cha ile inayoitangulia, na ile kwenye kiti cha mwisho. Nilifikiri nimekosea kuandika. Nikarudia. Nikarudia tena, na mara ya tatu nilikuwa nasoma huku nimeziba mdomo kwa mkono.

Mabaki ya Gulwe yalikuwa bado kwenye kabati. Nilirekebisha mistari miwili, nikayafungua. Imefia kwenye redio. Kwenye kipande cha Zaituni ndipo ilipokuwa irudi. Alikuwa amesema hivyohivyo, kwa kutazama tu.

Mtaniuliza mbona sikusema. Niliwaambia wanaohusika. Niliandika barua, nikaambatanisha majedwali yote mawili, la rejista za programu hai na la mabaki, nikaeleza kwamba mfanyakazi aliyefukuzwa hakuwa na kosa na mwenye kosa ni mimi. Jibu lilikuja baada ya muda, sentensi mbili: barua imepokelewa na kuwekwa kwenye jalada, na suala husika lilikwishafungwa. Nikaenda mwenyewe. Afisa, kijana mwenye adabu, akanisikiliza, kisha akasema, "Mzee wangu, umebakiza miezi mingapi?" Nikamwambia mitano. Akasema, "Pumzika, mzee." Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililonivunja nguvu, kwamba hakuna hata mbaya wa kugombana naye.

Nikapanda basi kwenda Kondoa. Niliulizia mpaka nikafikishwa kwenye kijiji cha mlimani, nikamkuta Zaituni uani, anapiga alizeti kwa fimbo, mbegu zikiruka kwenye turubai. Alinitambua mara moja.

"Shikamoo mzee," akasema, maana alilelewa.

"Marahaba, mwanangu."

Akanipa kigoda na maji ya kunywa, akarudi kwenye alizeti yake. Nilimweleza nikiwa nimeketi, yeye anapiga. Nilimweleza yote, nane za Nzuguni, fomu, jedwali ambalo sikulisoma mpaka chini. Nilipofika kwenye mabaki akaacha kupiga.

"Kipande cha redio?" akauliza.

"Cha redio."

"Kilichokuja na mfumo."

"Ndicho."

"Nilisema."

"Ulisema."

Akaendelea kupiga kidogo, kisha akakaa chini kwenye turubai, kati ya mbegu.

"Baba alikwenda Gulwe, unajua?" akasema.

Sikujua.

"Alisikia jina langu redioni. Akachukua mbuzi, akaenda kwenye msiba wa watu asiowajua. Akakaa kwenye mkeka wao, akawaambia, mimi ndiye baba wa mtoto aliyemuua mama yenu, nisameheni. Aliporudi nikamlilia, nikamwambia baba, si mimi, wamekosea kusoma. Akaniambia, mwanangu, usiongeze uongo juu ya maiti. Toka siku hiyo hakula tena chakula nilichopika mimi. Alikula kwa ndugu yake. Miaka miwili, mpaka tunamzika."

Kwenye mfuko wa koti nilikuwa na nakala ya barua yangu na lile jibu la sentensi mbili, nilikuwa nimekuja nayo nikidhani ni kitu. Niliona aibu hata kuitoa. Nikavua kofia, nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu."

"Mimi nipo, mzima," akasema. "Anza na baba."

Akanionyesha kwa kidole, nyuma ya msikiti, mwendo mfupi. Nikaenda. Kaburi lilikuwa tuta la udongo mwekundu lenye jiwe kichwani, majani yamepaliliwa. Mimi ni mtu wa kanisani, sikujua Waislamu husema nini mahali pale, nikasimama tu na kofia yangu mkononi. Nikamwambia, binti yako alikueleza kweli. Nikamweleza na zile rejista mbili, moja ya nilipo na moja ya nitakaporudi, nikamweleza kwa lugha nyepesi kama nilivyowaeleza wale wa kamati. Nikamwomba msamaha. Nikakaa pale kwa muda, sijui nilikuwa nasubiri nini.

Niliporudi uani, Zaituni alikuwa amesimama, fimbo mkononi.

"Amekujibu?"

"Hajanijibu."

"Basi nenda, mzee," akasema. "Akikujibu, urudi. Siku hiyo na mimi nitakujibu."